Theognosia Yiasoumi na Nyumba Iliyosubiri Mvua

Wapo hapa kanisani asubuhi hii Milia, binti wa marehemu, na mumewe Bwana Zenonas Aristodimou, mwalimu mstaafu. Yupo Ttofis, mtoto wa kiume wa marehemu, aliyefika juzi kutoka Melbourne na ambaye bado hajalala vizuri. Wapo wajukuu wawili, Theognosia mdogo na Prokopis mdogo. Yupo Bi Nilmini Perera, mzaliwa wa Sri Lanka, aliyemhudumia marehemu kwa miaka miwili na ambaye marehemu alimwita "binti yangu" mbele ya watu. Yupo Padri Neofytos Kallenos, anayeongoza ibada. Yupo Bibi Annezou, mjane wa marehemu Hambis Loukaidis, ambaye ana umri wa miaka tisini na mitatu na tumemketisha pale mbele ili asikie. Yupo mwanawe, Bwana Evripidis Loukaidis, na mkewe Bibi Polyxeni. Wapo majirani wa mtaa wa juu na mtaa wa chini. Na nipo mimi, Vrasidas Yiasoumi, mdogo wa marehemu, niliyekuwa karani wa ofisi ya wilaya enzi za Waingereza na baada yao, na ambaye familia imenipa kazi ya kuisoma historia hii.

Jana watu wawili walikuja kwangu, kwa heshima na kwa nia njema, wakaniomba nilipite jambo la mwaka 1984, yaani nyumba ya Milia na uchumba uliovunjika, wakasema kwamba waliohusika wamezeeka, kwamba hapa ni kanisani, na kwamba marehemu apewe sifa zake nyingine ambazo ni nyingi. Niliwasikiliza, nikawapa kahawa, nikawaambia kwamba nitalisoma. Dada yangu hakulipita jambo hilo alipokuwa hai, ingawa kulipita kungekuwa rahisi mno kwake, nami siwezi kumfanyia akiwa jenezani kile alichokataa kujifanyia mwenyewe. Bibi Annezou akitaka kunijibu, tutakuwa pamoja uani baada ya mazishi, kwenye mkate na zeituni, nami nitamsikiliza mpaka amalize.

Theognosia alizaliwa tarehe 14 Machi 1936 hapa Konnara, wilaya ya Paphos, akiwa mtoto wa kwanza wa Yiasoumis Loizou, mkulima wa mizabibu na milozi, na mkewe Theopisti. Nyumba tuliyozaliwa ilikuwa na paa bapa la udongo, na udongo wenyewe ni ule wa kijivu tunaouita konno, ambao kila mwaka kabla ya mvua baba aliupandisha paani kwa ndoo na kuushindilia, kwa kuwa ukilowa unavimba, unajifunga, na hauachi hata tone lipenye. Wenzangu wa rika langu mliomo humu mmelala chini ya udongo huo utotoni mkausifu. Kwamba udongo huohuo ulikuwa pia chini ya sakafu, na kwamba huko chini nako ulilowa na kuvimba, hilo halikuzungumzwa na mtu, wala mimi sikumbuki kulisikia kabla dada yangu hajalisema.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1942 hadi 1948, kisha baba akampeleka shule ya sekondari ya wasichana mjini Ktima, ambako alimaliza Juni 1954, akiwa msichana wa pili wa kijiji hiki kufika huko. Jirani mmoja, ambaye jina lake naliacha kwa kuwa wajukuu zake wamekuja kuzika pamoja nasi, alimwuliza baba mbele ya duka, "We Yiasoumi, unamsomesha nani, mke wa mtu?" Baba akamjibu, "Namsomesha huyu anayekula mkate wangu. Mumewe atasomeshwa na baba yake." Mimi nilipita shule za Waingereza vilevile, miaka michache baadaye, na huko tulifundishwa kuliandika jina la mtu kikamilifu kabla ya kusema lolote juu yake, na hilo sijaliacha; Theognosia alifundishwa pia kukataa jibu lisilo na hesabu yake, na hilo naye hakuliacha.

Mwezi Machi 1955 aliajiriwa Nicosia katika maabara ya udongo ya serikali, mahali ambapo udongo uliochimbwa kwenye viwanja vya kujengwa uliletwa ndani ya makopo yaliyofungwa, ukapimwa uzito, ukakaushwa ndani ya tanuri, ukapimwa tena, na tofauti ya vipimo hivyo viwili ikaonyesha maji yaliyokuwamo. Baadhi ya watu kijijini walimsema, kwamba nyakati zile si za kumfanyia Mwingereza kazi, naye akajibu kwamba udongo hauna bendera na kwamba Waingereza wataondoka nao utabaki, na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kazi yake ilikuwa kuuweka udongo uliokatwa umbo la gogo dogo kwenye mashine na kuukandamiza hadi upasuke, kisha kuandika ulipasuka kwa uzito gani. Aliniambia kwamba jambo lililomshangaza tangu wiki ya kwanza ni hili, kwamba udongo wa shimo moja, uliochimbwa siku moja, ukiwa mkavu ulibeba mzigo kama jiwe, na ukiwa umelowa ulibonyea chini ya kidole gumba kama jibini changa. Mkuu wao, Mwarmenia aitwaye Bwana Garabed Tashjian, hakuwaruhusu kusema kwamba udongo fulani una nguvu. "Niambieni kwanza una maji kiasi gani," aliwaambia, "halafu ndiyo tuzungumze habari ya nguvu."

Tarehe 24 Septemba 1961, siku ya Jumapili, alifunga ndoa katika kanisa hili na Prokopis Ttofi, fundi mwashi kutoka Arkaki, akaacha kazi ya Nicosia, na kwa desturi yetu baba akampa nyumba, kama kila baba wa kijiji hiki alivyompa binti yake nyumba, na kama tunavyoendelea kufanya hata leo kwa mikopo ya benki. Desturi hiyo inajulikana kwa kila mtu humu, lakini naomba tuitazame kwa dakika moja jinsi ilivyopangwa. Harusi ni Septemba, kabla zabibu hazijaanza kukatwa, kwa hiyo nyumba lazima iwe na paa Septemba, kwa hiyo msingi unachimbwa Julai na Agosti, wakati ambapo mvua haijaonekana tangu Aprili, na konno umekauka hadi sururu inaruka na kutoa cheche. Wanaume wanaona cheche wanasema hapa pana nguvu. Kisha bibi harusi anaingia, anapanda mlimau na asumini kando ya ukuta wa chumba cha kulala ili dirishani pawe na harufu nzuri, anaimwagilia kila jioni ya kiangazi, na pembe ile ya nyumba inabaki imelowa wakati pembe nyingine tatu zinakauka na kushuka. Hatukuwa wajinga, tulikuwa na haraka, na haraka yetu ilikuwa na tarehe moja kila mwaka.

Agosti 1961 Theognosia alimwambia baba kwamba udongo ule ulikuwa na nguvu za kiangazi tu. Baba akamwambia, "Mwanangu, mimi nimejenga kabla hujazaliwa," naye akanyamaza, kwa kuwa alikuwa binti, na nyumba ilikuwa ya kupewa, na aliyeshika mwiko alikuwa bwana harusi mwenyewe. Februari iliyofuata ufa ulifunguka kutoka pembe ya dirisha hadi darini, mpana kiasi cha kupitisha mkono wa mtoto. Prokopis aliuziba kila kiangazi kwa lipu na chokaa, na kila majira ya baridi ulifunguka. Prokopis alipenda kusema kwamba nyumba inapumua. Dada yangu alimjibu kwamba kinachopumua hakidondoshi lipu kwenye supu.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Milia, aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1963, na Ttofis, aliyezaliwa tarehe 19 Novemba 1966. Mwaka 1967 Theognosia alirudi kazini, katika ofisi ya barabara mjini Paphos, akipima udongo wa tuta na wa madaraja, akaifanya kazi hiyo hadi alipostaafu mwaka 1996, na njia mliyoijia asubuhi hii, pale kwenye kona ya juu ya bonde ambapo zamani lami ilikuwa ikiteleza kila msimu wa mvua, imetulia kwa sababu aligombana na wakubwa wake mpaka wakachimba mifereji ya kutoa maji kabla ya kumwaga kokoto.

Sasa nafika kwenye jambo nililoombwa nilipite.

Tarehe 6 Mei 1984 Milia alichumbiwa na Bwana Evripidis Loukaidis, kijana mwema, na familia mbili zikakubaliana kwamba harusi itakuwa Jumapili tarehe 16 Septemba, na kwamba siku hiyo Milia atakabidhiwa ufunguo wa nyumba. Mwisho wa Julai Prokopis alivuta kamba kwenye kiwanja cha chini ya kanisa, akapigilia vigingi, akamwita mkewe. Nilikuwepo, kwa hiyo nayasoma maneno yao kama yalivyosemwa.

"Mama Milia, njoo uone," alisema Prokopis, akapiga sururu chini, ikaruka na kulia. "Umesikia? Hapo hata kanisa kuu la Nicosia linasimama."

"Nimesikia. Piga tena Januari, uniambie."

"Januari nani anajenga? Januari watu wako kando ya moto wanakunywa zivania."

"Ndiyo maana nyumba zenu zote zina nyufa."

"Zenu? Hiyo unayolala humo kaijenga nani?"

"Wewe. Ndiyo maana najua."

Prokopis aliitupa sururu na kwenda zake kunywa kahawa. Asubuhi iliyofuata alirudi na vibarua wawili, akamkuta mkewe ameweka kiti cha jikoni katikati ya kamba zile, ameketi na kapu la lozi, anazimenya. Hakuinuka. Vibarua walingoja, wakavuta sigara, wakaondoka. Kesho yake ilikuwa vilevile, na keshokutwa, na watu wakaanza kupita njia ya chini ya kanisa ambayo kwa kawaida hawakuipita. Marehemu Hambis Loukaidis, baba wa bwana harusi, mtu wa utani, alimwuliza, "Vipi mkwe, unalinda hazina?" Akamjibu, "Nalinda matope ya Januari, mkwe. Bado hayajafika, lakini kiwanja yameshakichukua."

Alichotaka ni kitu kimoja, na alikisema wazi kwa kila aliyeuliza: mvua inyeshe kwanza, udongo ulowe na kushiba, kisha mashimo yachimbwe hadi kina ambacho unyevu wake haubadiliki kati ya majira ya baridi na kiangazi, na nyumba isimame kwenye nguzo za zege zinazofika huko. Hilo lilimaanisha kwamba hakutakuwa na ufunguo Septemba.

Jioni moja ya katikati ya Agosti aliingia kwenye mkahawa wa wanaume, jambo ambalo mwanamke hakulifanya, amebeba bati la jibini alilolijaza unga wa udongo mkavu wa kiwanja kile. Alimpa Hambis nyundo ya mbao aushindilie mwenyewe, kwa nguvu zake zote, ili asije akasema kwamba umeshindiliwa kike. Hambis akashindilia mpaka akatoka jasho. Theognosia akaweka juu yake jiwe la kusagia, akamwaga jagi la maji taratibu, akasema, "Lilindeni wenyewe," akatoka. Wanaume waliwekeana dau la chupa ya zivania, pombe yetu kali ya zabibu, na mchana wa siku ya pili jiwe lilikuwa limepanda juu ya ukingo wa bati kwa upana wa vidole viwili.

Ningependa kuwaambieni kwamba hapo mambo yalikwisha, lakini hayakwisha. Hambis alilipa chupa, akainywa pamoja na walioshinda, akasema, "Bati ni bati, nyumba ni nyumba. Nyumba ina uzito wake." Theognosia alipoambiwa alisema, "Ina uzito, ndiyo, lakini udongo hauinui pande zote sawa. Ungeinua sawasawa, tungepanda wote na nyumba zetu, tukanywa kahawa juu kidogo." Wakacheka sana. Walicheka, wakampenda kwa neno lile, na hakuna aliyebadili nia.

Tarehe 20 Agosti Bibi Annezou alikuja nyumbani kwa dada yangu. Hakuja kwa ubaya, nataka hilo lieleweke, alikuja kama mama mwenye mtoto wa kiume na tarehe ya harusi, na kadi zilizokwisha kugawiwa.

"Mkwe wangu," alisema, "tulikubaliana ufunguo. Nyumba iko wapi?"

"Inasubiri mvua, mkwe."

"Mimi sikumchumbia mwanangu mvua."

"Mpe Milia miezi minane tu. Waoane sasa, wakae kwangu, chumba kipo."

"Chumba chenye ufa wa kupitisha paka? Tulikubali binti, Theognosia, hatukukubali shimo. Watu watasema nini? Kwamba mwana wa Hambis kaingia nyumba ya mkwewe na sanduku mkononi?"

"Watasema. Mwaka huu watasema, mwakani watamsema mwingine."

"Basi mwambie mumeo amwage zege kesho, au tafuteni mchumba mwingine."

Milia alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Alisema, "Mama, nakuomba. Acha ipasuke. Nyumba za wote zinapasuka na watu wanaishi. Mimi nitaishi."

Nilikuwa nimeketi karibu na dirisha, na nilimwona dada yangu akimtazama binti yake bila hasira yoyote, kisha akasema, "Hapana." Bibi Annezou akainuka. Milia akatoka nje, na pete ikarudishwa siku ya tatu, pamoja na kitani na mishumaa.

Yamesemwa mengi tangu siku ile, na baadhi yamesemwa wiki hii, kwamba mwanamke huyu alimnyang'anya binti yake mume kwa ajili ya udongo. Nilimwuliza mwenyewe, majira ya vuli ya mwaka uleule, tukiwa wawili tu shambani, kwa nini hakukubali nyumba moja zaidi yenye nyufa katika kijiji kilichojaa nyumba zenye nyufa. Alisema, "Kwa baba nilinyamaza, Vrasida. Nikinyamaza na kwa Milia, naye atanyamaza kwa binti yake, na huyo kwa wa kwake, na tutakuwa tunaziba lipu mpaka kiama." Hakulia na hakuomba radhi. Mimi pia siombi radhi kwa niaba yake. Kila mtu humu anayelala usiku akisikia kuta zake zikilia kama kuni ana hiari ya kumhukumu, na akishamaliza kumhukumu, kuta zitaendelea kulia.

Milia alikwenda Limassol akafanya kazi katika kiwanda cha nguo, na kwa majira mawili ya baridi hakurudi hata Krismasi. Prokopis hakuzungumza na mkewe isipokuwa kumwomba chumvi. Mvua zilianza mwanzoni mwa Novemba, zikaendelea vizuri mwaka ule, na siku moja ya Januari Prokopis alichukua sururu yake akashuka peke yake kwenye kiwanja, pale palepale penye vigingi, akapiga. Sururu ilizama hadi mpini, na alipoivuta kiatu chake kikabaki ndani ya ardhi. Alirudi nyumbani na mguu mmoja wenye soksi tu, akasimama mlangoni, akasema, "Mama Milia, nipe vipimo."

Wakajenga kuanzia mwisho wa Februari hadi Juni 1985, Theognosia akisimamia baada ya kazi na siku za Jumamosi. Walichimba mashimo ya mita nne, na chini ya kila shimo aliteremka mwenyewe kwa kamba, akiwa na umri wa miaka arobaini na tisa, akachukua udongo wa huko, akaufinyanga kwa vidole na kuupeleka kupimwa, ahakikishe kwamba shimo limefika mahali pasipojua kiangazi wala mvua. Juu ya nguzo waliweka mihimili ya zege, na chini ya mihimili wakaacha nafasi ya upana wa kiganja, ili udongo ukivimba uvimbe ndani ya hewa bila kuigusa nyumba. Maji ya paa yaliongozwa kwa mifereji hadi mbali. Kuzunguka kuta paliwekwa sakafu pana ya zege yenye mteremko, na mlimau ukapandwa mwisho wa ua. Watu walipita wakasema Prokopis anajenga nyumba ya korongo, yenye miguu. Alipoteza wateja kwa ajili ya miguu ile, akapata wengine wachache, na hadi alipofariki tarehe 8 Februari 2003 hakuchimba tena msingi mwezi wa Agosti kwa mtu yeyote, hata walipomwongezea malipo.

Milia alirudi Pasaka ya mwaka 1986. Alipewa ufunguo, akaingia peke yake, akapita chumba baada ya chumba huku akipitisha kiganja ukutani, akatoka, akamwambia mama yake kwamba jiko ni dogo. Hakumshukuru, na mama yake hakudai shukrani. Aliishi humo peke yake kwa miaka kumi na moja, akishona, hadi alipoolewa na Bwana Zenonas Aristodimou tarehe 12 Oktoba 1997, na humo ndimo walimozaliwa na kulelewa Theognosia mdogo na Prokopis mdogo. Kuta zile ninazifahamu, nimezitazama kila Januari, kwa kuwa nami ni mtu mwenye mashaka. Hazina ufa.

Bwana Evripidis alimwoa Bibi Polyxeni Septemba 1985, wakapewa nyumba iliyojengwa Agosti, na hali ya nyumba hiyo wanaijua wenyewe, si kazi yangu kuisoma hapa. Nitasema tu kwamba mwaka 1991 Bibi Polyxeni alikwenda kwa Theognosia, akiwa na aibu, akabisha hodi mlango wa nyuma, na Theognosia akamwambia, "Hodi za mlango wa mbele zimekatazwa na nani?" akamkaribisha kahawa, akaenda naye siku ileile. Aliing'oa asumini, akamwonyesha mahali pa kuchimba mfereji wa maji, akamweleza namna ya kulinda udongo wa kuzunguka nyumba usilowe kupita kiasi wala usikauke kupita kiasi. Hakusema "nililisema." Nilimwuliza kwa nini hakusema, akaniambia kwamba Polyxeni ana masikio na ana kuta.

Mwezi Septemba 2017 marehemu alipata kiharusi, akalazwa hospitali mjini Paphos kwa wiki tatu, akarudi akiwa na upande mmoja dhaifu na ulimi mzima kabisa. Moyo ulianza kumsumbua mwaka uliofuata. Kwa muda huo wote alikaa katika nyumba aliyopewa na baba, yeye na Bi Nilmini, kati ya zile kuta zilizozibwa mara nyingi hadi lipu imekuwa nene kuliko mawe, akakataa kila mwito wa kuhama, akisema kwamba nyumba ya chini ya kanisa alimjengea Milia, hakujijengea mwenyewe.

Mwishoni mwa Oktoba mwaka huu mvua za kwanza zilinyesha, na Milia akapanda kwa mama yake akiwa na gari la Zenonas. Bi Nilmini alikuwepo, ndiye aliyenisimulia.

"Mama, nimekuja kukuchukua."

"Sikukuomba."

"Na mimi sikuomba nyumba ya kusubiri mvua, ukanipa. Inua mguu, nikuvishe kiatu."

Theognosia aliuinua mguu.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali, waliomvumilia mgonjwa aliyetaka kuonyeshwa kila kipimo. Nawashukuru wenzake wa zamani wa ofisi ya barabara, waliosafiri kuja kutoka Paphos na Limassol. Nawashukuru majirani walioleta chakula, na Bibi Polyxeni aliyepika ngano ya kuwakumbuka marehemu, kwa desturi yetu, tutakayoila uani. Namshukuru Padri Neofytos, aliyeniruhusu kusoma yote. Na namshukuru Bi Nilmini Perera, kwa jina lake kamili, kwa kuwa tumezoea kumtaja kwa kazi yake.

Dada, pumzika sasa, hakuna anayekuja kuvuta kamba.

Nimebakiza tarehe moja. Theognosia Yiasoumi, mjane wa Prokopis Ttofi, alifariki Jumanne tarehe 5 Novemba 2019, alfajiri, mvua ikinyesha, nyumbani kwa Milia.